Mwanangu ana C na anataka kuwa profesa kama Mazrui: je, njia hiyo ingalipo?

*"Assalaam aleikum. Nauza leso barabara ya Biashara. Mwanangu wa kwanza alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka jana akapata gredi ya C. Sasa ameshika jambo moja tu: anataka kusoma sayansi ya siasa awe profesa kama marehemu Ali Mazrui. Nikimwambia alama hazitoshi, ananijibu kuwa Mazrui naye alifeli skuli, akawa karani, na uprofesa akaupata hata PhD hajawa nayo. Mjomba wake ataka aingie kozi ya uwakala wa forodha, maana bandari ndiyo inayolisha mji huu, na siasa, asema, ni ya wanasiasa. Mimi Profesa namjua kwa jina tu. Je, asemayo mwanangu ni kweli? Na leo mtu wa C anaweza kufika huko, au nitakuwa nimemwachia apoteze miaka na pesa?"*

Waaleikum salaam, dadangu. Hofu yako naielewa. Kijana ameshika hadithi ya mtu mkubwa, na wewe huna namna ya kujua kama imesimuliwa yote. Haikusimuliwa yote. Aliyokuambia yana ukweli mwingi, lakini ameruka sehemu inayoeleza mengine yalivyowezekana, na sehemu hiyo ndiyo itakayokusaidia kuamua.

Ali Al'amin Mazrui alizaliwa hapa Mombasa tarehe 24 Februari 1933. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kabla ya kushika wadhifa huo alikuwa ametoa magazeti mawili mwanzoni mwa miaka ya 1930, Sahifa na kisha Al-Islah, akiandika juu ya dini, elimu na hali ya Waislamu wa pwani chini ya Waingereza. Mtoto alikulia nyumba ambamo hoja iliandikwa, ikachapishwa, ikajibiwa. Sheikh alitamani mwanawe aende akasome Al-Azhar, Misri, lakini alifariki mwaka wa 1947, Ali akiwa na miaka 14.

Mwaka uliofuata akafanya mtihani wa sekondari wa Cambridge akapata daraja ya tatu. Mwanao anaita huko kufeli. Daraja ya tatu ilikuwa ni kupita, ila kupita kwa chini, na haikumtosha kuingia Makerere, ambayo enzi hizo ndiyo iliyokuwa mlango wa elimu ya juu kwa Afrika Mashariki nzima. Mlango ukafungwa. Akapata kazi ya ukarani katika chuo cha ufundi cha Waislamu cha Mombasa, MIOME, ambacho leo ni Technical University of Mombasa pale Tudor. Hapo tena mwanao amesema kweli.

Kilichomtoa kwenye meza ya ukarani ni hotuba. Alisimama kuzungumza kwenye hafla ya Maulidi ambayo gavana wa koloni, Sir Philip Mitchell, alihudhuria. Gavana akavutiwa na kijana yule, na hapo ndipo mazungumzo ya kumpatia ufadhili wa kusoma Uingereza yalipoanza. Watu hupenda kuisimulia kama bahati ya usiku mmoja. Zitazame tarehe. Mitchell aliondoka Kenya mwaka wa 1952, na Mazrui hakusafiri mpaka 1955. Tangu mtihani wa 1948 mpaka safari ni miaka 7. Na alipofika Uingereza hakupelekwa chuo kikuu moja kwa moja. Alikwenda Huddersfield kwanza kuikamilisha sekondari, akiwa na miaka 22, wakati vijana wa rika lake waliokwenda Makerere walikuwa wameshahitimu. Kutoka hapo akaingia Chuo Kikuu cha Manchester akamaliza mwaka wa 1960 kwa alama za juu, akachukua uzamili Columbia, New York, mwaka wa 1961, kisha akajiandikisha Oxford, Nuffield College, kwa uzamifu, yaani PhD.

Sasa hili la uprofesa bila PhD. Ni kweli. Alianza kufundisha Makerere mwaka wa 1963, akafanywa profesa mwaka wa 1965 akiwa na miaka 32, na Oxford ikampa shahada ya uzamifu mwaka wa 1966. Kijana akilisikia hili huona kwamba vyeti si kitu. Lakini iliwezekana kwa sababu mbili, na moja kati ya hizo haipo tena.

Ya kwanza ni ya wakati. Uganda ilipata uhuru 1962, Kenya 1963. Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa zimeunganishwa kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na viti vya uprofesa vilikaliwa na Wazungu waliokuwa wakijiandaa kurudi kwao. Waafrika wenye elimu ya kushika nafasi zile walihesabika. Zaidi ya hayo, katika mfumo wa Kiingereza wa wakati ule, uzamifu haukuwa sharti. Hata Uingereza kwenyewe walikuwapo wahadhiri wengi wasio nao. Mlango huo umefungwa kabisa. Leo Kenya, kwa kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, hata ngazi ya mhadhiri tu inataka uzamifu.

Sababu ya pili ndiyo ile aliyoiruka mwanao. Kabla hajapewa kiti, Mazrui alikuwa ameandika. Mwaka wa 1963, mhadhiri mpya asiye na uzamifu, makala yake ilitoka katika American Political Science Review, jarida gumu mno kuingia katika fani hii. Makala ya namna hiyo haiingii kwa jina wala kwa kujuana. Mhariri huipeleka kwa wasomi wa fani waisome na kuikosoa, na nyingi hurudishwa. Na hata baada ya kupewa kiti hakuacha: mwaka wa 1967 peke yake alitoa vitabu vitatu. Waliompa uprofesa walikuwa na karatasi mkononi.

Ningependa kijana aone alichokuwa akiandika, maana ndicho kinachoitofautisha sayansi ya siasa na siasa za barazani. Makala ile ya 1963 ilichukua kauli ambayo viongozi wote wa wakati ule waliitamka, kwamba sisi sote ni Waafrika, ikaihoji. Mtu wa Mvita na mtu wa Kumasi kule Ghana hawakuwahi kuonana. Umoja wao umetoka wapi? Mwelekeo wa jibu lake uliwakera wengi: kwa sehemu kubwa ukoloni wenyewe, kwa kuwatia watu wote wa bara hili katika kapu moja, ndio uliowafanya waanze kujiona wamoja. Unaweza kumpinga, na wengi walimpinga, lakini huwezi kumpinga bila kuleta ushahidi wako. Mwaka wa 1966, Nkrumah alipopinduliwa Ghana, Mazrui aliandika makala katika jarida la Transition, lililochapishwa Kampala, akimpima mara mbili: kama mpigania umoja wa Afrika, ambako alimsifu, na kama mtawala wa nchi yake, ambako hakumsamehe. Watu walitaka aseme Nkrumah ni shujaa au dhalimu. Yeye alitenganisha maswali mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja, akalijibu kila moja kwa ushahidi wake. Kazi ya mwanasayansi wa siasa ni hiyo, kila siku ya maisha yake.

Na ina gharama yake. Alipokuwa Makerere alibishana hadharani na Walter Rodney, mwanahistoria wa mrengo wa kushoto, waliokuwa upande wa Rodney wakimwona Mazrui mtetezi wa Magharibi. Idi Amin alipotwaa nchi, Mazrui hakuweza kuendelea. Aliondoka Uganda mwaka wa 1973, na kuanzia 1974 akafundisha Chuo Kikuu cha Michigan, kisha Binghamton, jimbo la New York, mpaka mwisho wa umri wake. Mwaka wa 1986 alipotoa mfululizo wake wa televisheni juu ya Afrika na urithi wake wa aina tatu, yaani wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi, Wamarekani wengine nao wakamwona adui wa Magharibi, hata mkuu wa shirika la serikali lililochangia fedha akataka jina la shirika liondolewe. Mtu yule yule, shutuma mbili zinazopingana. Kenya ilimrudishia heshima baadaye: aliteuliwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia mwaka wa 2003. Alifariki Marekani Oktoba 2014, akaletwa kuzikwa kwenye makaburi ya ukoo wake, karibu na Fort Jesus.

Turudi kwa kijana wako na C yake.

Kuingia chuo kikuu moja kwa moja kunataka C+. Kwa hiyo KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, haitampangia shahada kwa matokeo aliyo nayo, na mtu yeyote atakayekuambia alipwe kidogo aipitishe anakudanganya. Njia zilizobaki ni mbili. Kuna nyingine inayotajwa sana, ile kozi fupi ya kuziba pengo, ambayo husaidia kuinua somo moja, tuseme Hisabati. Haiwezi kuigeuza gredi ya jumla, na wazazi wengi wametoa pesa wakidhani inaweza.

Njia ya kwanza ni kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kutoka C kwenda C+ ni hatua moja, na kwa kijana aliyeteleza katika masomo mawili matatu tu inawezekana. Kaa naye na karatasi ya matokeo muone alama zimeangukia wapi. Kama Kiingereza, Kiswahili na Historia ziko juu na kilichomvuta chini ni Hisabati na somo moja la sayansi, kurudia kuna maana. Kama zote ziko katikati, mwaka mmoja zaidi wa kusoma vitabu vile vile kwa namna ile ile utatoa matokeo yale yale. Tena muda unabana: mtihani wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 unatazamiwa mwaka wa 2027, na usajili hufanywa mwanzoni mwa mwaka, miezi mingi kabla ya mtihani wenyewe.

Njia ya pili ni diploma, ambayo kwa kawaida huanzia C-, kwa hiyo C yake inamtosha. Huchukua kama miaka 2, na akimaliza vizuri huombea shahada kwa diploma hiyo. Achague iliyo karibu na fani: usimamizi wa umma, mahusiano ya kimataifa, uanahabari, maendeleo ya jamii. Lakini kuna kosa linalowagharimu watu hapa. Hujiandikisha diploma kwanza, kisha baada ya miaka 2 hugundua kuwa chuo kikuu wanachokitaka hakiitambui, au kinaitambua lakini kitawaanzisha mwaka wa kwanza. Kabla ya kulipa hata shilingi, aandikie idara ya sayansi ya siasa ya chuo anachokilenga, Chuo Kikuu cha Nairobi au kinginecho, aulize: diploma hii, kutoka chuo hiki, kwa kiwango gani cha kufaulu, itanipa nafasi, na nitasamehewa masomo yapi? Asikubali jibu la simu. Barua pepe atakayojibiwa aichapishe aiweke.

Mimi naegemea diploma kwa vijana wengi wenye C, kwa kuwa huwafundisha kuandika ripoti na huwaacha na cheti cha kazi hata safari ikikatika katikati. Lakini kama karatasi yake inaonyesha kuteleza kwa masomo mawili, nitamwambia arudie.

Miaka je? Shahada ya kwanza ni miaka 4. Uzamili ni 2. Uzamifu kwenye karatasi ni 3, na kwa wengi huwa 5 au zaidi kwa sababu husoma huku wakitafuta riziki. Kuna ngazi ya chini kwa mwenye uzamili anayeendelea na uzamifu, kisha mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na juu yake profesa. Kila kupanda kunataka miaka ya kufundisha, wanafunzi wa uzamili na uzamifu uliowasimamia mpaka wakamaliza, na machapisho yanayohesabiwa kwa pointi. Ukianza na diploma leo ukiwa na miaka 19, na mambo yakaenda sawa, utakuwa mhadhiri ukiwa na kama miaka 31 au 32, na profesa baada ya 40. Mazrui wa miaka 32 asikuchanganye.

Kwenye machapisho ndiko wengi wanakokwama. Makala hutumwa jaridani, wasomi wawili au watatu wasiolijua jina la mwandishi huisoma, majibu huja baada ya miezi, na mara nyingi huwa ni kukataliwa au kuambiwa andika upya. Kwa kukata tamaa, wengine hukimbilia majarida yanayotoza pesa na kuchapisha ndani ya wiki mbili bila kusoma. Kamati za kupandisha vyeo siku hizi huyajua kwa majina. Na yupo anayelipa aandikiwe tasnifu, kisha siku ya kuitetea mbele ya watahini hajui jedwali la ukurasa wake mwenyewe linasema nini.

Pesa. Kwa shahada ya kwanza na hata diploma kuna mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi; wa shahada ya kwanza una riba ya 4% kwa mwaka, na hutarajiwa kuanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza. Basari za kaunti na za mfuko wa maeneo bunge, NG-CDF, zikipatikana huongezea, hazitoshi peke yake. Ukiuliza karo, taka orodha kamili: usajili, mitihani, maktaba, kitambulisho, kila kitu, kwa kila muhula. Tarakimu ya kwanza utakayotajiwa ni ya masomo pekee.

Kwa uzamili na uzamifu, ufadhili upo na hutolewa kwa ushindani. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, ila inataka uwe umefanya kazi kama miaka 2 kwanza, na ukimaliza urudi kwenu miaka 2. DAAD, shirika la ufadhili la Wajerumani, hufadhili hata wanaosoma papa hapa Afrika Mashariki. Njia ambayo vijana wetu hawaielewi vizuri ni ya Marekani: vyuo vikubwa huko humchukua mtu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza mpaka uzamifu, miaka 5 au 6, karo hulipwa, na hupewa posho ya kuishi kwa kusaidia kufundisha. Wanachoangalia sana ni barua za walimu wanaokujua, maelezo ya swali unalotaka kulitafiti, na insha yako ndefu moja. Insha hiyo ndiyo inayofanana zaidi na hotuba ya Maulidi katika zama hizi. Akitokea mtu akisema ana nafasi ya ufadhili na anataka ada ya kushughulikia kwa M-Pesa, mkate simu. Vyuo vingine vya nje hutoza ada ya maombi, lakini hulipwa kwa chuo chenyewe kupitia tovuti yake.

Kuhusu kazi nitakuambia wazi. Ajira ya chuo kikuu Kenya ni ngumu. Nafasi za kudumu ni chache, wahadhiri wa muda huchelewa kulipwa, na migomo ya mishahara umeisikia mwenyewe. Atakayesoma fani hii kwa kutazamia uprofesa pekee anajiweka pabaya. Lakini shahada yenyewe hutumika kwingi: utumishi wa umma, mabunge ya kaunti, tume za serikali, mashirika ya utafiti na ya haki, balozi, vyombo vya habari. Wanaoajiriwa haraka ni wale walioshika takwimu. Na hapa kijana asikie vizuri, kwa sababu wengi huingia wakikimbia Hisabati: somo la mbinu za utafiti ni la lazima, na ndani yake mna wastani, uwiano, sampuli, na programu kama SPSS, Stata au R.

Kabla hujaamua lolote, mpime. Usimpime kwa maneno, maana kijana anayependa siasa atakushinda kwa maneno. Mpe miezi 3 na kazi moja, na kazi nzuri iko mlangoni kwenu. Tarehe 9 Agosti 2022 nchi nzima ilipiga kura, lakini Mombasa haikumchagua gavana siku hiyo kwa sababu ya hitilafu ya karatasi za kura. Uchaguzi wa gavana ukafanywa tarehe 29 Agosti. Wapigakura walewale, daftari lilelile, vituo vilevile, siku 20 kati yake. Mtafiti hapati nafasi kama hiyo mara nyingi. Achukue maeneo bunge yote 6, Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita, na kwa kila moja atafute waliojiandikisha, waliopiga kura ya rais, na waliopiga kura ya gavana. Matokeo ya rais ya kila kituo yako katika fomu 34A za tume ya uchaguzi na ya eneo bunge katika 34B. Ya gavana ni 37A na 37B. Kura halali ajumlishe na zilizoharibika, agawanye kwa waliojiandikisha, azidishe kwa 100. Kituo chenye watu 700 waliojiandikisha na kura 301, tuseme, kina asilimia 43. Akisahau zilizoharibika, asilimia zake zote zitakuwa chini kidogo kuliko zilivyo.

Jedwali likikamilika ndipo kazi inapoanza. Eneo gani lilibadilika zaidi, na kwa nini? Atataka kusema watu walichoka. Mwulize amejuaje. Kati ya siku zile mbili mshindi wa urais alitangazwa, tarehe 15, na kesi ikapelekwa Mahakama ya Juu. Huenda waliokasirika hawakurudi, huenda walioridhika ndio waliolala. Huenda pia ni kwamba siku ya pili hapakuwa na rais, seneta wala mbunge wa kuwavuta. Anawezaje kutenganisha sababu hizi kwa tarakimu alizo nazo? Na ajihadhari na mtego unaowanasa hata wanafunzi wa uzamili: akiona mtaa wenye vijana wengi una kura chache, hawezi kusema vijana ndio hawakupiga. Fomu haionyeshi nani alibaki nyumbani. Pengine vijana walitoka na wazee wakakaa.

Aandike maneno 1,500, kisha ampe mjomba wake asome akosoe, maana mjomba hana sababu ya kumpendelea. Akosolewe, aandike upya. Wewe tazama mambo mawili tu: alimaliza? Na alipokosolewa, alirudi mezani au alinuna? Kijana anayerudi mezani mara ya pili na ya tatu bila kusukumwa ana kitu ambacho gredi ya C haikukipima. Asiyemaliza ukurasa wa pili anapenda kusikiliza siasa. Hilo si kosa, ila lisigharimiwe miaka 10 ya karo.

Na mjomba usimfanye adui. Uwakala wa forodha ni kazi halali, ina kozi fupi na cheti kinachotambulika Afrika Mashariki, na shule ya mamlaka ya ushuru, KESRA, ina tawi hapa mjini. Kijana anaweza kuwa na kazi ya mchana na diploma ya jioni; Mazrui mwenyewe alianzia kwenye ukarani. Lakini mjomba aliposema siasa ni ya wanasiasa, nadhani amesahau kilichowapata mawakala wa Mombasa wenyewe. Serikali ilipoamuru mizigo ipakiwe kwenye reli mpya ya SGR ikashughulikiwe Nairobi, ofisi ngapi hapa zilifunga, madereva wangapi walikaa? Na Septemba 2022, rais mpya alipotangaza kuwa shughuli zinarudi bandarini, ulikuwa ni uamuzi wa kisiasa vilevile. Nani aliamua, kwa shinikizo la nani, kwa nini mwaka ule na si mwingine? Mtu anayeijua forodha kwa ndani na akajua pia kuuliza maswali hayo atakuwa na tasnifu ambayo mtu wa Nairobi hawezi kuiandika. Kwa hiyo kama pesa za nyumbani ni za kubana, ningesema aanze na cheti cha mjomba, afanye kazi, na diploma iingie mwaka wa pili.

Mambo mengine hayaamuliwi kwa kuandikiana. Nenda naye Huduma Centre ya hapa mjini, kwenye jengo la Posta barabara ya Digo, muulize ya KUCCPS na HELB ana kwa ana. Bebeni hati ya matokeo ya KCSE, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chake kama ameshapata, na kitambulisho chako. Mkitoka hapo fikeni Tudor, muulize diploma zilizopo na gredi zinazotakiwa somo kwa somo. Chuo chochote cha binafsi mtakachotajiwa, hakikisheni kwanza kama kimesajiliwa: cha diploma kwa mamlaka ya vyuo vya ufundi, TVETA, cha shahada kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Na jambo moja la kutazama nyumbani. Kijana aliyekosa gredi aliyoitarajia anaweza kushikilia jina la mtu mkubwa ili asiongee juu ya matokeo yake. Ukiona halali vizuri, hali chakula chake, amejitenga na wenzake, au anazungumza kana kwamba maisha yamekwisha, mambo ya diploma yasubiri. Mpeleke akaonane na mshauri nasaha au daktari hospitalini wiki hiyo hiyo. Akiwa salama, mpe ile kazi ya jedwali, na usajili wa kurudia mtihani uulizieni baraza la mitihani, KNEC, mapema, kabla ya kuamua mtaufanya au la.